MAZUNGUMZO: KIBALI CHA KUTENGENEZA NYUMBA KATIKA MJI MKONGWE



Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nadra kuipata nyumba iliyosimama peke yake. Ukuta wa chumba cha kulala cha familia moja ndio ukuta wa ngazi ya familia ya pili, na maji yanayoteremka kutoka paa la jirani hupita katika kichochoro kinachogusa misingi ya nyumba kadhaa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupiga lipu mpya, kubadilisha madirisha, kuongeza ghorofa au kutoboa mlango wa duka hutakiwa kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Wapo wanaoliona sharti hili kuwa ni usumbufu. Huuliza: nyumba ni ya mtu, fedha ni zake, afisi inaingiaje? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 1985, wakati nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimechakaa na nyingine zimeanguka. Sheria ya hifadhi ilifuata mwaka 1994, na ikafuatiwa na sheria nyengine mwaka 2010. Mwezi wa Disemba, 2000, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, jibu la swali lililoulizwa halimo katika heshima hiyo. Limo ndani ya ukuta wenyewe.

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezikwa ukutani. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji wakati wa masika na kuyatoa jua linaporejea. Mafundi wakongwe husema kuwa ukuta unapumua. Saruji ni ngumu na huzuia pumzi hiyo. Maji yanayopanda kutoka ardhini, pamoja na yale yanayopenya katika nyufa nyembamba za saruji, hukosa pa kutokea. Hubaki ndani, yakalainisha chokaa ya zamani na kuozesha vichwa vya boriti. Kwa nje ukuta unang'aa. Kwa ndani unaliwa.

Wahenga wamesema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe methali hiyo inahitaji nyongeza ndogo, nayo ni kuuliza kwanza ufa huo unazibwa kwa nini. Ukizibwa kwa chokaa, ukuta umetibiwa. Ukizibwa kwa saruji, maradhi yamefichwa tu.

Hali kadhalika kwa uzito. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila ya kuhesabu tangi lenyewe. Likiwekwa juu ya boriti ambazo hazijakaguliwa, mzigo huo huwa juu ya vichwa vya wote waliolala chini yake. Mara nyingi hao si watu wa nyumba moja: juu anakaa mwenye nyumba, katikati wapo wapangaji, na chini pana duka.

Hatari hiyo haichagui baina ya nyumba ya mnyonge na kasri. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba, 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jengo la fahari kama hilo limeweza kuanguka mafundi wakiwamo ndani, basi nyumba ya kichochoroni inahitaji uangalifu usiopungua huo.

Kibali pia kinalinda kile ambacho ni cha wote ingawa kimejengwa na mmoja. Baraza iliyo mbele ya nyumba ni kikao cha wazee na pahala pa kahawa, na mvua kubwa inapofurika njiani, huwa ndiyo njia ya wapita kwa miguu. Anayeibomoa ili kupanua duka hupunguza haki ya mtaa mzima. Vivyo hivyo mlango wa nakshi ukishang'olewa na kuuzwa, mtaa mzima huwa umepoteza kilichokuwa kikiupamba.

Jambo hili halikuanzia Zanzibar. Nchini Marekani, katika mitaa mingi, wenye nyumba wamo katika jumuiya ambayo kamati yake huidhinisha hata rangi ya ukuta, uzio na paa, na anayekaidi huweza kutozwa faini. Huko kinacholindwa zaidi ni sura ya mtaa na thamani ya mali. Katika Mji Mkongwe, pamoja na hayo, zinalindwa roho za watu.

Ili maombi yasikwame, mwananchi anashauriwa mambo yafuatayo:

Kwanza, ithibitike nyumba ni ya nani. Kama ni ya wakfu, ipatikane ridhaa ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kama ni ya Serikali, ridhaa itolewe na taasisi inayoisimamia. Kama ni ya urithi, warithi wakubaliane kwa maandishi kabla ya fundi kuitwa.

Pili, jirani anayechangia ukuta aarifiwe mapema. Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu jirani amegutushwa na sauti ya nyundo.

Tatu, maombi yaeleze kwa ukamilifu kazi itakayofanywa na vifaa vitakavyotumika, yaambatane na mchoro na picha za nyumba ilivyo sasa. Maneno "matengenezo madogo" hayamfahamishi mkaguzi chochote.

Nne, yaombwe mapatano pale inapowezekana. Anayetaka hewa zaidi huenda akapata dirisha la mbao lenye ukubwa unaofaa badala ya kioo na alumini. Anayetaka tangi huenda akaoneshwa pahala penye ukuta madhubuti wa kulibeba.

Tano, kazi isianze kabla ya kibali, wala isifanywe usiku au siku za mapumziko kwa kukwepa macho. Kilichojengwa kwa siri huweza kuamriwa kibomolewe, na hasara hiyo humrudia mjenzi.

Watumishi nao wana wajibu wao. Mwananchi ambaye paa lake linavuja hawezi kusubiri masika mawili. Anayekataliwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kuoneshwa njia mbadala, na anayekubaliwa atembelewe kazi ikiendelea, si baada ya kwisha. Aidha, sharti linalomfunga mwenye kibanda liwafunge vile vile mwenye hoteli na afisi ya Serikali. Sheria inayopinda mbele ya mwenye nguvu haiwezi kumnyoosha mnyonge.

Hasara ya kupuuza haya inajulikana. Bonde la mto Elbe huko Dresden, Ujerumani, liliondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool, Uingereza, iliondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya pwani. Mji Mkongwe nao waweza kupotea dirisha kwa dirisha na baraza kwa baraza, bila ya mtu yeyote kukusudia kuupoteza.

Basi kila anayetaka kuitengeneza nyumba yake na aanze kwa kubisha hodi mara mbili: kwa jirani, kisha kwa Mamlaka. Ukuta ni mmoja, na wanaolala pande zake mbili wote wana haki ya kuamka salama.