Saa na Shabaha: Namna ya Kuanza Mashindano ya Kulenga kwa Bunduki

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata



Mlio wa bunduki ukisikika usiku katika mtaa, hakuna anayefikiria michezo. Mama huwavuta watoto ndani, mzee huzima taa, na asubuhi kila mmoja huuliza ni nani aliyedhurika. Hofu hiyo ina msingi, na si jambo la kubezwa. Hata hivyo, upo mchezo wa bunduki ulio na sheria, waamuzi na medali, uliokuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya zama hizi, Athens, mwaka 1896. Vijana huuona kwenye televisheni, nao huuliza unaanzaje. Swali hilo linastahili jibu kamili. Kijana asiyejibiwa hujijibu mwenyewe, na mahali pa kwanza anapotafuta jibu huweza kuwa kabati la baba lenye silaha ya familia. Ndiyo maana suala hili ni la wazazi na viongozi wa mitaa kama lilivyo la wanamichezo.

Kwanza ufahamike mchezo wenyewe. Aina inayomfaa zaidi mwanafunzi ni bunduki ya upepo ya mita 10. Bunduki hii haitumii baruti. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma risasi ndogo ya risasi laini, yenye kipenyo cha milimita 4.5. Mpigaji husimama wima, mita 10 kutoka kwenye shabaha. Duara jeusi analoliona lina upana wa milimita 30.5, na alama ya 10 iliyo katikati yake ni kitone cha nusu milimita, kidogo kuliko kichwa cha pini. Bunduki yenyewe hairuhusiwi kuzidi kilo 5.5. Ipo pia bunduki ndogo ya risasi ya baruti, inayopigwa mita 50 katika mikao mitatu: kupiga goti, kulala kifudifudi na kusimama. Hiyo huja baadaye, mtu akishakomaa.

Katika mashindano yote hayo saa inahesabu. Kwenye mita 10, washindani hupewa dakika 15 za kujiandaa na kupiga risasi za majaribio zisizohesabiwa. Kisha hupewa dakika 75 kupiga risasi 60. Tangu mwaka 2018 idadi hiyo ni moja kwa wanawake na wanaume. Ukigawa, kila risasi ina dakika moja na robo. Risasi inayopigwa baada ya amri ya kusimama huhesabiwa kuwa imekosa, hata kama imepenya katikati ya kitone. Katika fainali ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, washindani 8 walianza upya kutoka sifuri. Walipewa sekunde 250 kwa kila mkupuo wa risasi 5, mikupuo miwili, kisha sekunde 50 kwa kila risasi moja, huku aliye nyuma akiondolewa kila baada ya risasi mbili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mpigaji shabaha huishi kati ya methali hizo mbili. Akifanya haraka, mkono hutikisika na kifyatulio huvutwa kwa papara. Akikawia na bunduki begani, misuli huchoka, pumzi humwishia, jicho huona ukungu, na risasi huenda kando. Anayeanza hudhani kwamba saa inamtaka awe na mbio. La hasha. Saa inamtaka awe na utaratibu.

Utaratibu huo ni huu. Mpigaji hupanga miguu yake na kuinua bunduki. Kiwiko cha mkono unaobeba huegemezwa kwenye nyonga, ili uzito uchukuliwe na mifupa badala ya misuli. Kisha hufumba macho, hupumua mara mbili, na kuyafumbua. Akikuta mtutu umeelekea pembeni ya shabaha, hausukumi kwa mikono, bali husogeza nyayo mpaka mwili wenyewe uelekee panapotakiwa. Hutazama kupitia tundu dogo la nyuma, akaona pete ya mbele, na ndani ya pete hiyo duara jeusi: miviringo mitatu yenye kitovu kimoja. Hutoa pumzi, husubiri katika utulivu unaofuata, na kubana kifyatulio polepole bila kushtua mkono. Baada ya mlio huendelea kulenga kwa sekunde moja au mbili, kana kwamba risasi bado haijatoka.

Iwapo sekunde kama nane zimepita na risasi haijatoka, hushusha bunduki, hupumua, na kuanza upya. Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu akishainua silaha na watu wanamtazama, huona aibu kuishusha, akapiga ilimradi apige. Mwalimu mzuri humfundisha mwanafunzi kushusha kabla ya kumfundisha kupiga. Hesabu yenyewe inaruhusu: ikiwa risasi moja pamoja na maandalizi yake huchukua sekunde 45, risasi 60 zitachukua dakika 45, na dakika 30 zitabaki kwa ajili ya kushusha, kupumzika na kunywa maji. Aliyejizoeza mwendo huo hana sababu ya kuiogopa saa.

Mifano ya dunia inathibitisha. Mwaka 2004 huko Athens, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza fainali ya mita 50 ya mikao mitatu, na risasi moja tu ilibaki. Risasi ya kawaida ingetosha kumpa dhahabu. Alilenga vyema, akapiga vyema, lakini aliipiga shabaha ya jirani yake. Risasi hiyo haikumpa alama yoyote, akaporomoka hadi nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Mkono na jicho vyote vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni tendo dogo la kuangalia namba ya shabaha kabla ya kulenga. Kisa hicho chafaa aelezwe mwanafunzi siku za mwanzo, ili asidharau hatua yoyote katika utaratibu wake.

Abhinav Bindra wa India alimaliza wa saba katika fainali ya bunduki ya upepo mwaka huo huo wa 2004. Miaka minne baadaye, mjini Beijing, aliingia risasi ya mwisho akiwa sawa kwa alama na Henri Häkkinen wa Finland. Mwenzake alipata 9.7, yeye akapata 10.8, na India ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo wa mtu mmoja mmoja. Kwa upande wa umri, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini aliushika mchezo huu mwaka 2021. Mwaka 2024, akiwa na miaka 16, alitwaa dhahabu ya Paris kwa risasi moja ya kuvunja sare, 10.4 dhidi ya 10.3. Naye Oscar Swahn wa Sweden alipata medali mwaka 1920 akiwa na miaka 72. Wenye ulemavu nao wana nafasi yao: kulenga shabaha kumo katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1976, na wapo wanaoshindana wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Sasa swali la kijana: aanze wapi? Jibu la kwanza ni kwamba asianze na silaha. Yapo mambo manne anayoweza kuyafanya nyumbani bila kuvunja sheria wala kumtisha jirani. La kwanza ni kulijua jicho lake lenye nguvu. Anyooshe mikono, aunganishe viganja aache tundu dogo, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo la kulengea. La pili ni kusimama bila kuyumba, dakika tano, kisha kumi, kila siku. La tatu ni kuimarisha mgongo, tumbo na miguu, na kufanya mbio za polepole, kwa kuwa moyo wenye afya hupiga taratibu. La nne ni daftari: kila zoezi liandikwe tarehe, muda, na namna mwili ulivyojisikia. Jambo moja la kuepukwa ni kutembea mtaani na bunduki ya bandia ya mbao au plastiki. Aliye mbali hawezi kutofautisha, na kosa la namna hiyo limewahi kugharimu maisha kwingineko duniani.

Jibu la pili ni klabu. Risasi, hata ile ya upepo, haipigwi uani wala shambani wala nyuma ya shule. Hupigwa katika uwanja ulioidhinishwa, wenye ukuta wa kuzuia risasi na msimamizi mwenye ujuzi. Bunduki ya mashindano ni ghali, na kwa kawaida mwanafunzi hutumia ya klabu kwa muda mrefu kabla ya kufikiria yake. Pasipo klabu inayofikika, kuna njia nyingine: mchezo wa mbio na kulenga kwa mwanga wa leza, uliotokana na pentathlon ya kisasa. Humo hakuna risasi kabisa. Mshindani hukimbia, husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha akiwa na bastola ya leza, na hutakiwa kupata shabaha tano ndani ya sekunde 50 kabla ya kuendelea kukimbia. Nidhamu ya saa na pumzi inayofundishwa humo ni ile ile.

Jibu la tatu ni sheria. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na umiliki wa silaha ni jambo la kibali. Mwombaji hupita kwa uongozi wa eneo lake na kwa Jeshi la Polisi, ambako mwenendo wake huchunguzwa. Silaha iliyosajiliwa kwa jina la baba si ya mtoto, wala si ya mjomba aliyekuja kutembea. Kibali cha mtu mmoja hakirithishwi kwa maneno. Yeyote anayetaka kuingia katika mchezo huu, au kikundi kinachotaka kuanzisha klabu, aulize kwanza ofisi ya Mtendaji wa Kata na kituo cha polisi kabla ya kununua au kupokea chochote. Vilevile, familia iliyokuta gobore la marehemu babu darini isilifiche wala isilijaribu. Itoe taarifa.

Uwanjani penyewe kuna kanuni zisizo na mjadala. Kila bunduki huchukuliwa kuwa ina risasi, hata kama imekaguliwa sasa hivi. Mtutu hauelekezwi kamwe kwa mtu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho liwe kwenye shabaha. Mpigaji hujua kilichopo nyuma ya shabaha yake. Bunduki isiyotumika huwekwa kibendera cha usalama chenye rangi kali ndani ya mtutu, ili kila mtu aone kuwa haina risasi. Hakuna anayejaza kabla ya amri, na amri ya kusimama ikitolewa, wote husimama palepale. Ikionekana hatari, yeyote aweza kupaza sauti ya kusimamisha, awe bingwa au mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Siku ya shindano la kwanza, anayeanza asitazame ubao wa matokeo. Afike mapema, apeleke bunduki na koti lake kukaguliwa, athibitishe namba ya nafasi yake mara mbili, na atumie dakika za majaribio kutafuta utulivu badala ya kutafuta kumi. Lengo lake liwe moja: kumaliza risasi zote ndani ya muda, kila moja kwa utaratibu ule ule. Alama zitakuja zenyewe, na daftari litamwonyesha zimetoka wapi.

Ndugu wakazi, mzazi ambaye mwanawe amemuuliza kuhusu bunduki asimfukuze kwa ukali, wala asimwoneshe silaha ili kumfurahisha. Afunge silaha yake kwa kufuli, risasi azifungie mahali pengine, na funguo azitunze yeye mwenyewe. Kisha amchukue mtoto kwa mkono waende wakaulize panapohusika. Kijana aliyezoea kushusha bunduki pale anapoona hayuko tayari, huku saa ikienda na watu wakimtazama, amejifunza jambo litakalomfaa hata siku atakapokuwa na hasira na hana bunduki mkononi.