Hotuba kwa Madereva: Kugeuza Motokaa Barabarani



Hapa Kenya twaendesha upande wa kushoto. Basi dereva ageuzaye motokaa katikati ya barabara ili arudi atokako huwakatia njia wajao mbele na wamfuatao nyuma. Lori lenye shehena haliwezi kusimama ghafula.

Uonapo alama ya mshale uliopindwa, uliokatwa kwa mstari mwekundu, usigeuze. Kwenye kona au kilele cha mlima pia usithubutu. Endelea mpaka penye mzunguko, ugeukie huko.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huadhibu uendeshaji wa hatari. Ukisababisha kifo, waweza kufungwa hata miaka 10. Je, dakika tano zalingana na roho ya mtu? Mwenda pole hajikwai.