Daftari la Klabu: Staji ya Wanafunzi wa Usimamizi wa Michezo Beni na Butembo

Mhadhara wa umma, Mulekera, Beni



Nimekuja kutetea jambo moja. Mwanafunzi anayesomea usimamizi wa biashara ya michezo asipewe shahada kabla ya kuiachia klabu hesabu zilizoandikwa, ambazo klabu hiyo haikuwa nazo siku alipoingia. Tukifanya hivyo, staji moja, yaani mafunzo ya kazini, itamfunza mwanafunzi na kuijenga klabu kwa pamoja.

Fani hii ilianza kwa swali la mtu wa kazi. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers nchini Marekani, alimwandikia mwalimu James Mason akiuliza ni wapi mtu angeweza kusomea uendeshaji wa timu. Mahali hapo hapakuwapo. Mwaka 1966 ndipo Chuo Kikuu cha Ohio kilipofungua shahada ya usimamizi wa michezo. Klabu iliuliza kwanza, darasa likafuata. Mahali pengi tumeugeuza mpango huo: tunafundisha miaka mitatu, kisha mwishoni tunamtafutia mwanafunzi pa kujishikiza kwa wiki chache.

Matokeo yake mnayajua. Mwanafunzi anafika ofisini na barua ya chuo, anapewa kiti pembeni, anatumwa fotokopi na maji ya kunywa. Muda ukiisha anatafuta ripoti ya mkubwa wake wa mwaka uliopita, anabadilisha jina na tarehe, anapigiwa muhuri. Mzazi aliyeuza magunia ya kakao ili mtoto asome amelipia karatasi.

Na kazi ipo, tena nyingi. Beni na Butembo ni miji ya biashara. Mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza mzigo kutoka China anajua umefika wapi, utapita mpaka wa Kasindi lini, na forodha itamgharimu kiasi gani. Lakini huyo huyo akishakuwa rais wa klabu, fedha zinatoka mfukoni bila kuandikwa popote: nauli ya timu, posho, viatu, matibabu ya kijana aliyevunjika mguu. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na tunapaswa kumshukuru. Ila siku akichoka, biashara ikiyumba, au akikosana na kamati, klabu nzima inakwama, kwa sababu hakuna anayejua msimu mmoja unagharimu kiasi gani. Vipaji havitupungukii: klabu ya Nyuki ya Butembo ilipanda hadi Linafoot, ligi ya taifa ya soka, na nchi nzima ikaiona. Kinachotupungukia ni kumbukumbu zinazobaki mtu anapoondoka.

Tuone kumbukumbu hizo zinavyoanza: twendeni mlangoni, siku ya mechi. Mwanafunzi anakabidhiwa kitabu cha tiketi. Kabla ya kuuza hata moja, anaandika namba ya tiketi ya kwanza: tuseme 401. Mapumziko yanapofika anaandika namba ya mwisho iliyokatwa: 652. Anahesabu vishina vilivyobaki kitabuni, vinatimia 252. Kiingilio kikiwa faranga 1,000, mkobani panatakiwa kuwa na faranga 252,000. Anahesabu noti mbele ya mweka hazina na mjumbe wa timu ngeni. Anapata 231,000. Faranga 21,000 ziko wapi? Pengine kuna waliopewa tiketi bure kwa agizo la mkubwa fulani. Pengine chenji ilikosewa. Pengine kuna mkono uliochukua. Mwanafunzi hahukumu wala hapigi kelele. Anaandika tofauti hiyo, anaandika maelezo aliyopewa, na wote watatu wanatia saini. Kisha zinatolewa za waamuzi, za walinzi, za chokaa ya mistari, kila moja kwa risiti yake, na kinachobaki kinajulikana kabla ya kipenga cha mwisho.

Katika muda huo mfupi kijana amejifunza ukaguzi, mapatano na heshima kwa wazee wenye haraka zao. Kitabu cha uhasibu kilimpa kanuni. Mlango unampa ujasiri wa kuitumia kanuni hiyo mbele ya mtu mzima aliyekasirika.

Msidhani mlango ni jambo dogo la vilabu vidogo. Agosti 2025, katika CHAN, mashindano ya soka ya timu za taifa za Afrika, yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, watu walivunja utaratibu wa kuingia uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamuru zisiuzwe zaidi ya tiketi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Timu ya Kenya ilikuwa inashinda, na uwanja ukapunguziwa watu kwa sababu ya milango.

Hapa kwetu kazi ni nzito zaidi. Tangu 2014 familia za eneo la Beni zimezika watu wao waliouawa. Kuanzia 2018 hadi 2020 Ebola ilitutandika, tukajifunza kuweka ndoo ya maji yenye klorini kila mlango. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi katika mkoa wetu. Msimamizi wa michezo wa Beni lazima ajue kupanga mechi imalizike watu wafike nyumbani kabla ya giza, kuzungumza na polisi mapema, kuonyesha njia ya kutokea, na kukubali kuahirisha hata kama tiketi zimeshauzwa. Ujuzi huu hauji kwa kusimuliwa.

Basi staji iwe na sura gani? Napendekeza ipitie miaka yote mitatu. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi akae mlangoni na kwenye daftari la matumizi siku za mechi. Mwaka wa pili, ashike idara moja kwa msimu mzima: usajili wa wachezaji, mawasiliano na redio, vifaa, au wadhamini. Mwaka wa tatu, aiachie klabu kazi kamili, kwa mfano bajeti ya msimu au orodha ya mikataba. Chuo, klabu na mwanafunzi watie saini mkataba mmoja unaotaja majukumu, msimamizi, nauli na chakula. Msichana anayepangiwa kazi ya jioni arudishwe nyumbani salama, na hilo liandikwe pia.

Mbegu tunayo hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, UCBC, kilichoanza Beni mwaka 2007, kimeweka kazi na huduma kwa jamii ndani ya masomo yenyewe. Tunachohitaji ni kuupeleka moyo huo viwanjani.

Najua hofu ya marais wa vilabu: hawa watoto watatoa siri zetu. Ni hofu ya haki, na dawa yake ni mkataba. Hesabu ni mali ya klabu. Kamati ndiyo isome ripoti kwanza. Mwalimu apime kazi bila kutangaza fedha za mtu. Lakini fikirini faida. CAF inapotoa leseni kwa vilabu vya mashindano yake inakagua mambo matano: michezo, viwanja, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Mwaka 2021 shirikisho la soka la Tanzania lilitia saini na kampuni ya televisheni ya Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha za namna hiyo hazimfuati asiyeweza kuonyesha kitabu.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Chuo kipunguze saa za kuandikisha notisi na kuzihesabu saa za uwanjani kama masomo kamili yenye alama. Na kila rais wa klabu aliyeketi hapa apokee wanafunzi wawili msimu ujao, awape kitabu cha tiketi na daftari la matumizi, na amwagize mweka hazina wake atie saini pamoja nao kila baada ya mechi. Msimu ukiisha tukutane, kila klabu ije na daftari lake, tusome pamoja kilichoingia na kilichotoka.