BEKI ALIYEGEUKA MWALIMU

Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na vijana wa timu ya kijiji



Leo nataka tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Najua wako watakaosema mpira ni mchezo tu, una faida gani kwa mtu mzima? Nawaomba mnisikilize. Ndani ya mpira mna swali linalotusumbua hata sisi tusiocheza. Swali lenyewe ni hili: mtu wa kwetu, tuliyemwona akikua, anaweza kutuongoza? Au mwenye ujuzi ni lazima atoke mbali?

Nitalijibu kwa habari za mtu mmoja. Jina lake ni Stephen Keshi, wa nchi ya Nigeria. Alikuwa beki, kisha akawa mwalimu wa timu.

KAZI YA BEKI

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya beki. Fowadi akifunga goli, uwanja mzima hupiga kelele. Watoto hulitaja jina lake njiani wanaporudi nyumbani. Beki akizuia magoli matano, hakuna anayehesabu. Lakini akikosea mara moja tu, kijiji kizima kitajua.

Beki wa kati husimama nyuma. Ukisimama nyuma unaona mengi. Unawaona wenzako wote walio mbele yako, unaona adui anatokea wapi, unaona nafasi iliyoachwa wazi. Basi beki mzuri hanyamazi. Anamwita mwenzake: "Rudi!" "Panda!" "Mtu nyuma yako!" Asiposema, miguu yake peke yake haitoshi.

Kwa hiyo beki ana kazi tatu: kutazama, kusema, na kuziba pengo la mwenzake. Zishikeni hizo tatu. Tutazikuta tena mbele.

ALIKOTOKA KESHI

Keshi alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Azare, kaskazini mwa Nigeria. Asili ya wazazi wake ilikuwa kusini, katika mji wa Illah. Shule alisoma Lagos, na mpira aliuanzia huko. Baadaye alichezea timu ya New Nigeria Bank, ya mji wa Benin.

Mwaka 1985 alipata mkasa. Chama cha mpira cha nchi yake kilimfungia kwa jambo la kuchelewa kambini. Kijana mwingine angekata tamaa. Yeye alifunga mizigo akaenda nchi ya Ivory Coast, akacheza mpira huko. Kutoka huko akavuka mpaka Ubelgiji, katika Ulaya. Mwaka 1987 alijiunga na timu kubwa ya Anderlecht. Akiwa nayo, timu hiyo ilichukua kombe la Ubelgiji mwaka 1988 na 1989, na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Wakati ule Waafrika waliocheza mpira wa kulipwa Ulaya walikuwa bado wachache. Wanijeria wengi walifuata njia ile ile baada yake.

Timu ya taifa hakuisahau. Alikuwa nahodha wake kwa miaka mingi. Wazee wa hapa wanaifahamu Nigeria. Machi 1980 Taifa Stars yetu ilikwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikutana na Nigeria, tukafungwa 3–1. Mwaka ule Nigeria ilichukua kombe kwa mara ya kwanza. Kisha ikangoja miaka 14. Mwaka 1994, huko Tunisia, iliifunga Zambia 2–1 katika fainali, ikalichukua tena. Nahodha wa timu hiyo alikuwa Stephen Keshi.

KUCHEZA NI KITU KIMOJA, KUFUNDISHA NI KINGINE

Ndugu zangu, wengi hudhani kwamba mchezaji mzuri moja kwa moja huwa mwalimu mzuri. Sivyo. Mkulima hodari anaweza kushindwa kumweleza jirani yake jinsi ya kupanda kwa mistari. Mikono yake inajua, lakini mdomo haujui kueleza. Kufundisha nako kunafundishwa.

Keshi alilijua hilo. Alipomaliza kucheza Ulaya alikwenda Marekani, akasomea kazi ya ualimu wa mpira. Mtu aliyekuwa nahodha wa mabingwa wa Afrika alikubali kukaa tena kama mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na mwanzo wake haukuwa mtamu. Mwaka 2001 alipewa timu ya vijana wa Nigeria. Timu ile ilishindwa kupata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya vijana ya dunia. Watu wakasema. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 2004 aliitwa na Togo. Togo ni nchi ndogo, nyembamba kama ubao, kati ya Ghana na Benin. Ilikuwa haijafika Kombe la Dunia hata siku moja. Katika kundi lake ilikuwamo Senegal, ambayo mwaka 2002 ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia. Togo ilianza kwa kufungwa na Zambia. Pamoja na hayo, Oktoba 2005 iliifunga Congo 3–2 mjini Brazzaville, ikashika nafasi ya kwanza. Togo ikaenda Kombe la Dunia!

Je, Keshi alikwenda nayo? Hapana. Mapema mwaka 2006 Togo ilifanya vibaya katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Keshi akaondolewa. Timu akapewa mwalimu kutoka Ujerumani. Aliyelima hakuwapo siku ya mavuno.

KOMBE LA MWAKA 2013

Baadaye alifundisha Mali. Mwisho wa mwaka 2011 Nigeria ikamwita nyumbani. Hali ilikuwa mbaya. Nigeria ilikuwa imekosa hata nafasi ya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2012.

Keshi akafanya jambo lililowashangaza wengi. Aliwaacha baadhi ya wachezaji wenye majina makubwa Ulaya. Badala yao akachukua vijana kadhaa wanaocheza ligi ya nyumbani Nigeria. Watu wakauliza: "Hawa ni akina nani? Nani anawajua?"

Mashindano yalichezwa Afrika Kusini mwanzoni mwa mwaka 2013. Nigeria ilianza polepole. Ilitoka sare ya 1–1 na Burkina Faso, kisha sare ya 1–1 na Zambia. Manung'uniko yakaongezeka. Mechi ya tatu ikaishinda Ethiopia 2–0.

Katika robo fainali ilikutana na Ivory Coast, timu ya Didier Drogba na Yaya Touré. Wengi walijua Nigeria inarudi nyumbani. Nigeria ikashinda 2–1. Goli la ushindi lilifungwa na Sunday Mba, kijana wa ligi ya nyumbani. Nusu fainali, Mali ikafungwa 4–1. Tarehe 10 Februari 2013, katika fainali na Burkina Faso, goli lilikuwa moja tu. Aliyelifunga ni yule yule Sunday Mba.

Sasa tazameni safu ya nyuma siku ile. Nahodha Joseph Yobo, beki mwenye mechi nyingi, alianza akiwa benchi. Katikati walisimama vijana wawili. Mmoja alikuwa Godfrey Oboabona, wa ligi ya nyumbani. Mwingine alikuwa Kenneth Omeruo, mwenye miaka 19. Dakika za mwisho Keshi akamwingiza Yobo. Hakumdharau mzee wa timu, wala hakuwanyima vijana nafasi yao.

Hapo mnaziona zile kazi tatu za beki? Alitazama, akawaona watu ambao wengine hawakuwaona. Alisema, hata pale maneno yake yalipowachukiza wakubwa. Na timu iliponung'unikiwa, alisimama mbele yao akazipokea lawama yeye.

Kwa ushindi ule Keshi alikuwa mtu wa pili kulichukua kombe hilo akiwa mchezaji na tena akiwa mwalimu. Wa kwanza alikuwa Mahmoud El-Gohary wa Misri, aliyelichukua mwaka 1959 kama mchezaji na mwaka 1998 kama mwalimu.

MCHEZA KWAO HUTUNZWA?

Sisi tuna methali: mcheza kwao hutunzwa. Keshi alicheza kwao. Je, alitunzwa?

Siku moja tu baada ya kulitwaa kombe alitangaza kwamba anajiuzulu. Hakuridhika na jinsi alivyokuwa akitendewa wakati wa mashindano. Aliombwa, akarudi kazini. Lakini mwaka ule ule wa ushindi alikaa miezi mingi bila kulipwa mshahara. Fikirini, ndugu zangu. Mtu amewaletea kombe, naye anadai mshahara wake!

Mwaka 2014 alikwenda na Nigeria kwenye Kombe la Dunia huko Brazil. Ilitoka sare na Iran, ikaishinda Bosnia 1–0, ikafungwa na Argentina 3–2, ikavuka kundi. Ikatolewa na Ufaransa kwa 2–0. Kabla ya hapo hakuna mwalimu Mwafrika aliyekuwa amevusha timu ya Afrika kutoka kwenye kundi la Kombe la Dunia. Wote waliofanya hivyo walikuwa wageni.

Mambo yakaharibika tena. Nigeria ilikosa nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2015, na mwaka huo huo Keshi akafukuzwa. Desemba mkewe akafariki kwa ugonjwa wa saratani. Juni 2016 yeye mwenyewe akafariki mjini Benin. Alikuwa na miaka 54. Uwanja wa mpira wa mji wa Asaba sasa unaitwa kwa jina lake.

Wazee husema heshima ya mtu huonekana akiwa kaburini. Mimi nasema huko ni kuchelewa. Marehemu haoni uwanja ulioitwa kwa jina lake. Mshahara ungemfaa alipokuwa hai.

TUSHIKE LIPI?

Sisemi kwamba kila mtu wa nyumbani anafaa kuongoza. Keshi naye alikosa mara nyingine, na timu zake zilifungwa. Wala sisemi mgeni hafai. Mwalimu aliyeipa Nigeria lile kombe la mwaka 1994, Clemens Westerhof, alikuwa Mholanzi.

Ninalosema ni hili. Tumpime mtu kwa kazi yake, si kwa umbali alikotoka. Mgeni akishindwa, tunasema bahati mbaya. Wa nyumbani akishindwa, tunasema tulijua. Hicho si kipimo cha haki. Mzani wa dukani ukipima hivyo, tutaukataa.

Na mkimpa mtu wenu kazi, mpeni pamoja na nafasi ya kujifunza, muda wa kutosha, na haki yake kwa wakati. Anayesimama nyuma akituziba mapengo yetu, tumshukuru wakati bado anasikia.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja kazi tatu za beki. Ni nani hapa kijijini anafanya kazi za namna hiyo bila kuonekana?

2. Kwa nini Keshi alikwenda kusomea ualimu, na mpira alikuwa tayari anaujua?

3. Togo ilimwondoa Keshi kabla ya Kombe la Dunia. Je, ilitenda haki? Toa sababu zako.

4. "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii ni kweli siku zote? Jadilini.