Hesabu ya Mafuta Kabla ya Safari

(Maneno ya katibu wa tawi kwa madereva na mataniboi, mkutanoni Mwingi)



Nataka tusemezane juu ya fedha za mafuta anazopewa dereva asubuhi, na zile anazodaiwa jioni. Mara nyingi tajiri humtia dereva noti mkononi na kumwambia, "Nenda Nairobi urudi." Noti hizo zimehesabiwa kwa mazoea tu. Zikipunguka, dereva hujaliza kwa fedha zake, au hukatwa mwisho wa mwezi.

Ndugu zangu, hesabuni lita kwanza, shilingi baadaye. Chukueni lori la ndengu kutoka hapa mpaka Nairobi kwa njia ya Matuu na Thika. Tuseme ni kilomita 180. Mita ya gari lako ndiyo itakayokupa hesabu kamili. Tuseme tena kuwa likiwa na mzigo huenda kilomita 4 kwa lita moja, na likiwa tupu kilomita 6. Tajiri atashika katikati, kilomita 5, agawanye kilomita 360, apate lita 72. Hesabu yaonekana safi, lakini si kweli. Kwenda ni lita 45, kurudi ni lita 30, jumla 75. Lita 3 zimepotea katika karatasi, wala hakuna aliyeziiba! Na hapo bado hujasimama foleni kwenye mizani ya Juja injini ikinguruma. Kwa ajili ya hayo ongeza lita kadhaa, uziandike kando ijulikane ni za nini.

Tena iko tarehe. EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta tarehe 14 ya mwezi, ianze kutumika tarehe 15. Kila mji una bei yake, kwa hiyo usihesabu mafuta ya Mwingi kwa bei ya Nairobi uliyoisikia redioni. Kumbukeni Septemba 2023: dizeli ya Nairobi ilipanda kutoka shilingi 179.67 mpaka 200.99 kwa usiku mmoja. Kwa lita 75 hiyo ni nyongeza ya karibu shilingi 1,600. Dereva aliyeondoka tarehe 14 na fedha za bei ya zamani, akajaza tangi kesho yake, angezitoa wapi?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja makato yanayokubaliwa. Upungufu wa fedha umo, lakini ni kwa mfanya kazi ambaye mkataba wake wasema waziwazi kuwa amekabidhiwa fedha, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Bei kupanda si uzembe wa dereva.

Basi kabla ya kuwasha gari, andika mita, mzigo, lita, bei ya siku na fedha ulizopewa, na tajiri atie sahihi. Kila unapojaza, dai risiti yenye lita. Ukirudi, andika mita tena. Tajiri mwenye akili hatakataa, maana karatasi hiyo yamlinda yeye pia na dereva anayenyonya tangi. Tuseme kweli, wamo.

Karatasi za kuandikia ziko kwa karani wa tawi. Aliyekatwa mshahara mwezi huu kwa ajili ya mafuta asiondoke; aje mezani na mkataba wake na risiti alizo nazo.