Kufuta Faili Hakutoshi: Maneno kwa Wenye Saiba wa Katito



Baadhi yenu mnaendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Diski yake ni faili tu. Mkiiweka iwe ya kukua, hukua kila mnapohifadhi kitu, lakini mkifuta haipungui.

Nafasi ni jambo dogo. Nakala za vitambulisho na fomu za basari mlizofuta bado zimo humo, na mjuzi anaweza kuzifufua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu kukaa na taarifa za mteja kupita muda unaohitajika.

Kwanza toeni nakala ya faili nzima, kwani stima ikipotea katikati ya kazi, diski inaweza kuharibika. Kisha, ndani ya Windows pepe, endesheni sdelete -z ili nafasi tupu ijazwe sufuri. Izimeni. Kwa VirtualBox, amri ni VBoxManage modifymedium, jina la faili, halafu --compact. Hufanya kazi kwa faili za VDI. Za VMDK hukataa.

Ikiwaka vizuri, futeni kabisa ile nakala. Nayo imebeba vitambulisho vilevile.