Filamu ya Picha za Mnato

Wako vijana wanaoshikilia kwamba pasipo mitambo ya gharama hakuna filamu. Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alitengeneza La Jetée, filamu ya dakika 28, ambayo karibu yote ni picha za mnato zilizopangwa zikafuatana. Sauti ya Jean Négroni inasimulia kisa kifupi cha mateka aliye chini ya jiji la Paris baada ya vita vya tatu vya dunia, anayepelekwa katika wakati uliopita kwa nguvu ya kumbukumbu ya uso wa mwanamke mmoja. Muziki ni wa Mwingereza Trevor Duncan.

Ubora wa kazi hii umo katika kupishana. Msimulizi hasemi lile ambalo jicho limekwisha kuliona, jambo linalowashinda watengenezaji wengi wenye mali. Tena ipo sehemu ambapo maneno na muziki vyote vinanyamaza: mwanamke amelala, picha zake zinafuatana, ndege wanalia, mara anafumbua macho, na picha inatembea kweli. Sekunde chache tu, kisha zinarudia kusimama.